Miche Inapokufa Machimboni: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kupanda Tena

Anayerudisha msitu wa asili kwenye ardhi iliyochimbwa hupanda mahali ambapo udongo wenyewe umekwisha kuondolewa. Penye machimbo ya mawe hubaki mwamba mtupu. Penye machimbo ya mchanga wa madini hubaki mchanga uliooshwa usioshika maji. Penye dhahabu hubaki kifusi na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kupitishwa kwenye zebaki au sianidi. Kila moja ya ardhi hizi huua miche kwa namna yake, ingawa kwa mtazamo wa haraka vifo vyote hufanana: majani hunyauka, shina hukauka, na shimo hubaki wazi. Kwa sababu hiyo, kosa linalogharimu zaidi ni kuagiza miche mingine na kuipanda katika mashimo yaleyale kabla ya kujua kilichoiua ile ya kwanza. Fedha za miche huweza kutafutwa tena, lakini masika yaliyopita yamepita, na wanakijiji waliochimba mashimo mara mbili bila kuona matokeo ni vigumu kuwaita mara ya tatu.

Mwongozo huu unaanza na dalili inayoonekana na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mifano yake mingi inatoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa machimbo ya mawe ya matumbawe ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ambako kazi hii ilianza mwaka 1971 na matokeo yake yanaweza kutembelewa hadi leo.

Soma kwanza mpangilio wa vifo

Kabla ya kupima chochote, tembea eneo lote ukiwa na daftari, na uchore mahali miche ilipokufa na mahali ilipopona. Ikiwa aina zote zimekufa katika baka moja huku nje ya baka hilo zikistawi, chanzo kiko ardhini. Ikiwa aina moja imekufa kila mahali huku nyingine zikiendelea vizuri, chanzo kiko kitaluni, au aina hiyo imepandwa mapema mno. Vifo vinavyofuata sehemu za chini huashiria maji yaliyotuama au chumvi. Vinavyofuata mipaka na njia huashiria mifugo, moto au watu. Vifo vilivyotawanyika, mche mmoja hapa na mwingine kule, mara nyingi hutokana na upandaji wenyewe: kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) hakikuondolewa, mzizi ulikunjwa wakati wa kuingizwa shimoni, udongo haukukandamizwa kuuzunguka mche, au mche ulikaa juani mchana kutwa kabla ya kupandwa.

Kisha ng'oa miche michache, iliyokufa na iliyo hai, na uikague mizizi. Watu wengi husita kung'oa mche ulio hai, lakini hakuna kipimo cha bei nafuu zaidi ya hicho wala kinachosema ukweli zaidi. Mzizi mkuu uliokwenda chini kidogo kisha ukapinda na kutambaa pembeni umekutana na tabaka gumu. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya kuoza imekosa hewa kwa sababu ya maji. Mizizi mifupi na minene, yenye ncha za kahawia na isiyo na matawi madogo, ni alama ya asidi kali. Mizizi iliyojizungusha na kubaki na umbo la kiriba inaonyesha kuwa mche ulikaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi. Mche wa namna hiyo unaweza kuishi mwaka mmoja au miwili, ukaonekana mzima, kisha ukaangushwa na upepo au ukakauka ghafla kiangazi kinapozidi.

Mche umedumaa na mizizi haitoki shimoni

Hii ndiyo hali inayokutwa mara nyingi zaidi kwenye migodi mikubwa, kwa kuwa magari mazito yamepita juu ya kifusi kwa miaka mingi na buldoza imekuja kumalizia kwa kusawazisha. Mche huishi kwa udongo mzuri uliotiwa shimoni, na udongo huo ukiisha, huishia hapo.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, subiri yanywewe, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikutwa bado yamo kesho yake asubuhi, chini kuna tabaka lililoshindiliwa. Njia nyingine ni kusukuma mtaimbo kwa nguvu za mikono siku moja baada ya mvua kubwa: ukikwama katika kina kilekile kila unaposukuma, ndipo mizizi nayo inapokwama.

Milima ya Appalachia nchini Marekani imelipia somo hili kwa gharama kubwa. Sheria ya mwaka 1977 kuhusu uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi ilikusudia kuzuia maporomoko na mmomonyoko, na kampuni nyingi zikaitekeleza kwa kushindilia kifusi na kupanda nyasi nzito juu yake. Mmomonyoko ulipungua, lakini msitu wa asili haukurudi, na maeneo makubwa yamebaki nyasi na vichaka kwa miongo kadhaa. Tangu mwaka 2004, mpango unaounganisha wataalamu wa misitu, vyuo vikuu na wasimamizi wa sheria umeeneza utaratibu mwingine: tabaka linalofaa mizizi liwe na kina kisichopungua mita 1.2, limwagwe na kuachwa limelegea, na mimea ya kufunika ardhi iwe ile isiyoisonga miche. Pale palipokwisha kushindiliwa zamani, buldoza yenye meno marefu hupita na kupasua ardhi upya.

Upasuaji huo ufanyike kiangazi, ardhi ikiwa kavu, ili tabaka gumu livunjike vipande vipande. Ukifanywa wakati wa mvua, jino hukata mfereji mmoja tu na kuacha kuta laini zilizobanwa zaidi kuliko awali. Mistari ifuate usawa wa mteremko, isishuke nao, la sivyo mvua ya kwanza itaigeuza kuwa makorongo. Baada ya kupasua, usisawazishe tena. Uso wenye mashimo, mabonge na mawe hushika maji, majani na mbegu, na kila kibonde kidogo ni mahali ambapo mche unaweza kujiotea. Msimamizi aliyezoea kazi ya barabara atatamani kuupitishia greda, naye azuiwe. Pasipo na mashine, chimba mashimo makubwa kwa sururu na uyaunganishe kwa mitaro mifupi, na kwenye udongo wa mfinyanzi kwaruza kuta za shimo ili mizizi ipate pa kupenya.

Majani yanageuka njano

Rangi ya njano ina visababishi vingi, na mbolea inayotibu kimoja huweza kuzidisha kingine. Angalia kwanza ni majani yapi yaliyoanza. Majani ya zamani yaliyo chini yakianza kupauka sawasawa, mche umepungukiwa na naitrojeni, jambo la kawaida kwenye kifusi kisicho na mboji. Majani machanga yaliyo juu yakiwa njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, mche umekosa chuma. Hali hii huonekana sana kwenye mawe ya chokaa na matumbawe, ambako pH, yaani kipimo cha asidi (chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume), hupita 8 na chuma kilichomo ardhini hakiwezi kufyonzwa na mizizi. Njano inayotokea mahali penye maji yaliyotuama haihitaji mbolea yoyote, inahitaji mfereji.

Kwa upungufu wa naitrojeni, samadi iliyoiva au mboji ndani ya shimo hufaa kuliko mbolea ya chumvichumvi iliyorushwa juu, kwa kuwa hiyo ya kurushwa hunufaisha magugu yanayokua haraka kabla ya kuufikia mche. Dawa ya kudumu ni kuchanganya miti inayojitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria walio mizizini, kama migunga. Kwenye matumbawe, usihangaike kubadilisha pH ya mwamba mzima, kwa sababu haitabadilika; ongeza mboji shimoni na uchague miti ambayo kwa asili huota juu ya matumbawe, kama vile mbuyu na mkwaju.

Ncha za majani zinaungua na ardhi ina ukoko mweupe

Ncha na kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia huku katikati pakiwa bado kijani, na ardhi ikiacha ukoko mweupe inapokauka, tatizo ni chumvi. Huko Bamburi mwamba ulichimbwa hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini, na maji hayo yana chumvi kwa kuwa bahari iko jirani. Kipimo cha upitishaji umeme wa maji ya udongo, kinachoonyesha wingi wa chumvi, kikivuka desisimensi 4 kwa mita, miti mingi ya msituni huanza kudhurika.

Hapa umwagiliaji wa maji ya kisima huweza kuwa ndio unaoua, kwa kuwa kila ndoo huacha chumvi yake ardhini na jua kali huyaondoa maji tu. Acha kumwagilia, inua matuta ili mizizi ikae juu ya maji ya chumvi, funika ardhi kwa majani makavu, na uache masika yaisukume chumvi chini. Sehemu za chini kabisa zipewe miti inayoivumilia, kama mtondoo, na zisilazimishwe kubeba mvule.

Mabaka yasiyoota hata jani, na maji yenye rangi ya kutu

Baka lililobaki tupu kwa miaka mitatu au minne, bila hata nyasi, likiwa na udongo wa njano au wa rangi ya kutu na vidimbwi vyekundu baada ya mvua, lina madini ya salfa yanayokutana na hewa na maji na kuzaa asidi ya salfa. Hali hii hutokea kwenye migodi mingi ya dhahabu na makaa ya mawe. Pima pH. Ikishuka chini ya 4.5, alumini iliyofungwa ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na ndipo inapoonekana ile mizizi mifupi minene iliyotajwa hapo juu.

Chokaa ya kilimo husaidia, lakini kiasi chake kikadiriwe na maabara, kwa kuwa pH ya leo huonyesha asidi iliyokwisha kuzaliwa na haionyeshi ile itakayozaliwa mwakani. Watu wengi huweka chokaa, huona nyasi zikichipua, hushangilia, kisha baada ya misimu miwili baka hurudi kuwa tupu kwa sababu madini ya salfa yalikuwa bado yapo chini yakiendelea kufanya kazi. Pale yanapokuwa mengi, njia ya uhakika ni kuyafunika kwa tabaka la mfinyanzi kisha tabaka nene la udongo usio na salfa, na kuyaepusha maji ya mvua yasipite ndani yake.

Marudio ya wachimbaji wadogo yanahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu zebaki hubaki ardhini, na mara nyingi huambatana na aseniki iliyokuwamo ndani ya mwamba. Peleka sampuli maabara kabla ya kumwita mtu yeyote kuja kuchimba mashimo. Vumbi la marudio lisivutwe, watoto wasishirikishwe kupanda mahali hapo, na miti ya matunda pamoja na mazao ya chakula visipandwe hata kama vitaonekana kustawi, kwa kuwa kustawi kwa mmea si ushahidi kwamba ardhi ni salama kwa anayeula. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mahindi na mihogo huonekana vikipandwa kwenye marudio na watu wasioambiwa kilichomo.

Aina moja inadumaa huku nyingine zinastawi

Kitaluni hali hii huwachanganya wengi: miche ya mkwaju na mgunga inakimbia, lakini mrihi na mbambakofi, iliyosiwa wiki ileile na kutiwa udongo uleule, inabaki na majani manne yaliyopauka. Mara nyingi kilichokosekana ni kuvu. Miti hii miwili huishi kwa ushirika na kuvu maalumu wanaovika ncha za mizizi na kuisaidia kufyonza fosforasi na maji. Ni hao hao wanaotoa baadhi ya uyoga unaochumwa chini ya mirihi mvua zinapoanza. Udongo wa kitalu ulioletwa kutoka shambani au mtoni hauna kuvu hao, na kifusi cha mgodi hakina kabisa.

Tiba yake ni rahisi. Chota udongo kidogo kutoka tabaka la juu chini ya mrihi au mbambakofi mkubwa ulio mzima, pale ambapo vizizi vyembamba vinaonekana, na uchanganye kiganja kimoja katika kila kiriba. Usichukue udongo mwingi kutoka chini ya mti mmoja, wala usiukaushe juani kabla ya kuutumia. Ukichimbua mche baada ya miezi michache, utaona ncha za mizizi zimenenepa na kugawanyika matawi mafupi mafupi, nyingine zikiwa na utando kama ukungu, na hapo utajua kwamba ushirika umeshika. Mvinje nao una mahitaji yanayofanana: bakteria wanaoupa naitrojeni hupatikana katika udongo ulio chini ya mivinje mikubwa, na bila hao hupauka hata kwenye udongo mzuri.

Mvule una adui wake. Vichipukizi vikivimba na kuwa vinundu vya kijani, kisha vikapasuka na kuoza hadi mche ukafa kuanzia juu, hao ni wadudu wadogo wanaotaga kwenye majani machanga. Huzidi pale miche ya mvule inapopandwa mingi pamoja na juani. Kata na uchome vilivyovimba, kisha panda mivule michache michache iliyotawanyika chini ya kivuli chepesi cha miti mingine, kama inavyoota yenyewe msituni.

Kuhusu mbegu zisizoota, kagua ngozi yake kabla ya kumlaumu aliyezileta. Mbegu nyeusi ya mbambakofi, yenye kofia yake nyekundu, hulala muda mrefu isipokwaruzwa kidogo upande mmoja na kulowekwa. Kofia hiyo iondolewe, maana panya huifuata. Mbegu za miti mingi ya msitu wenye unyevu ni kinyume chake: hufa zikikaushwa, na lazima zisiwe ndani ya siku chache. Zikusanywe kutoka kwenye miti mama mingi iliyo mbalimbali. Pwani ya Kenya, miti mama mizuri mara nyingi imesalia ndani ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambazo baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mila za kaya hukataza kutoa kitu ndani, kwa hiyo wazee wa kaya waombwe kwanza na uamuzi wao uheshimiwe, hata ukiwa wa kukataa. Miti mingi ya aina hizohizo husimama pia mashambani na kando ya njia.

Majani makavu yamelundikana na hayaozi

Miti imekua, kivuli kipo, lakini chini yake kuna zulia nene la majani makavu, na ukilifunua unakuta mwamba au mchanga uleule wa siku ya kwanza. Hakuna mboji, hakuna mche mpya. Dalili hii hupuuzwa kwa sababu kwa mbali eneo huonekana limefanikiwa, nami naiona kuwa ndiyo inayotenganisha shamba la miti na msitu.

Kisa cha Bamburi kinaeleza chanzo na tiba kuliko maelezo yoyote ya jumla. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954, na miaka 17 baadaye kulikuwa na uwanda mpana wa mwamba mweupe, usio na udongo, wenye joto kali na maji ya chumvi. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti, na zilizosalimika zilikuwa tatu: mnazi, mti wa Kisomali uitwao damas, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi, kwa kuwa huvumilia chumvi, hujipatia naitrojeni na hukua haraka. Lakini vijani vyake vyembamba vina tanini nyingi, kemikali inayozuia kuoza, na bakteria hawakuweza kuvivunja. Vilianguka na kulundikana mwaka hadi mwaka.

Aliyefungua njia ni jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye kila mkazi wa pwani amemwona akivuka njia baada ya mvua. Haller aligundua kwamba jongoo huyo hula vijani vya mvinje, akaamuru majongoo wakusanywe na kuachiwa machimboni. Walivitafuna, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria walioshindwa na vijani vizima. Mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba, na baadaye miti ya asili ikapandwa ndani ya mboji hiyo. Tangu mwaka 1999 sehemu ya machimbo hayo inaitwa Haller Park.

Kwa hiyo ukikutana na zulia lisilooza, funua majani katika sehemu kadhaa wakati wa mvua na uangalie kama kuna majongoo, mchwa, nyungunyungu na nyuzi nyeupe za kuvu. Usipowaona, tatizo si miti. Ni wavunjaji wa majani ambao hawajafika, kwa kuwa jongoo hawezi kuvuka kilomita za mwamba wenye joto. Leta magunia machache ya majani yaliyooza nusu pamoja na wadudu wake kutoka kwenye msitu wa karibu, uyamwage sehemu zenye kivuli na unyevu mwanzoni mwa masika, na uyaongezee majani laini ya mikunde ili wapate chakula chepesi. Wachukuliwe wa eneo hilohilo, wasiletwe kutoka mbali. Na wakati huo wote zulia hilo lilindwe dhidi ya moto, maana hakuna kinachowaka haraka kuliko vijani vikavu vya mvinje.

Kivuli kipo, lakini miche ya asili haijiotei

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote. Matawi ya miti ya mwanzo yamekutana, mboji imeanza, lakini ukitazama chini unaona mwarobaini na mlusina tu, miti ya kigeni. Kwanza uliza kama kuna msitu wa asili karibu. Mbegu kubwa husafirishwa na wanyama, na hondohondo, popo na ngedere hawaji mahali pasipo na tunda wala tawi la kukalia. Panda mapema mikuyu na miti mingine inayozaa matunda madogo upesi, hata kama mbao zake hazina thamani, na uache magogo na miti mikavu michache imesimama. Chini ya sehemu ambazo ndege hutua, miche mipya huanza kuonekana kabla ya mahali pengine popote.

Kisha uliza kama ni wakati wa kuipunguza miti ya mwanzo. Mvinje asili yake ni Asia na Australia; ulifaa kufungua kazi, lakini ukiachwa umesongamana huzuia mwanga na kuikalia nafasi ya mtandarusi na mgurure. Kata mianya midogo kidogo, si eneo zima, na upande ndani yake miti ya asili inayopenda kivuli ikiwa michanga. Mlusina na mwarobaini ing'olewe ikiwa bado midogo, kwa sababu mlusina uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki.

Mahali ambapo mgodi bado unachimba, kuna njia inayopunguza taabu hii yote: udongo wa juu uondolewe kwanza na kutandazwa mara moja kwenye sehemu iliyokwisha kuchimbwa, bila kuhifadhiwa. Ndivyo wanavyofanya wachimbaji wa boksiti (madini ya alumini) katika misitu ya jarrah, aina ya mkalitusi, ya Australia Magharibi, kwa kuwa udongo huo umebeba mbegu, kuvu na wadudu wa msitu wenyewe. Huko Richards Bay, Afrika Kusini, ambako matuta ya mchanga wa pwani huchimbwa kwa ajili ya madini kama yale ya Kwale, pwani ya Kenya, udongo wa juu hurudishwa, uzio hukinga upepo, mimea ya msimu mmoja hushikilia mchanga, na migunga iliyomo katika udongo huota na kuwa paa la kwanza ambalo chini yake miti ya msitu wa matuta huja polepole. Udongo uliolundikwa kwa miaka katika lundo refu hupoteza sehemu kubwa ya uhai huo. Ikilazimu kuuhifadhi, lundo lisizidi mita 2 na lifunikwe kwa mikunde.

Nyasi, moto na mbuzi

Shina lililokatwa kwa mshazari safi limeliwa na sungura. Lililochanwa na kubanduliwa gome limeliwa na mbuzi. Nyasi ndefu hunyang'anya maji, kisha hubeba moto wa kiangazi hadi kwenye shina. Palilia duara la mita moja kuuzunguka kila mche kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, lima barabara ya kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka, na mkubaliane na wafugaji mapema kuhusu njia ya kupitisha mifugo na mahali pa kuinywesha, kwa sababu uzio usiokubaliwa na majirani haudumu. Tenga pia ploti ya kuni pembeni ya eneo, ambako mivinje inafaa sana, ili mchoma mkaa asiwe na sababu ya kuingia ndani.

Wakati wa kuacha kupanda

Mwishoni mwa kiangazi cha kwanza hesabu miche iliyosalimika katika ploti chache za kudumu, kila aina peke yake, na ujaze pengo kwa aina zilizopona huku ukiendelea kuchunguza zilizokufa. Kuanzia mwaka wa tano, badilisha unachohesabu: acha kuhesabu ulichopanda, hesabu kilichojiotea. Miche ya asili ambayo hakuna aliyeipanda ikionekana katika ploti nyingi, ikiwa ya aina kadhaa, na ikivuka viangazi viwili mfululizo, sitisha upandaji katika sehemu hiyo na uhamishie nguvu kazi kwenye kuzuia moto na kung'oa milusina.